Vipande sita vya mbao, na bei ya mkono

Jumamosi moja mwezi wa tano tulikuwa karibu kufunga ofisi ya sindika yetu, hapa Likasi, wakati kamarade mmoja aliingia na mfuko wa plastiki mkononi. Wengi wetu tunamjua. Miaka kumi na nane alikuwa bwazeri, fundi wa kusimamisha miti chini ya shimo ili mwamba usiangukie watu. Kontra yake ya sutretansi ilikatwa mwaka jana, dekonti finali alipata nusu, nusu ingine bado tuko tunaifuata. Tukawaza amekuja juu ya jambo lile. Kumbe hapana. Alitosha kitu cha mbao, kikubwa sawa ngumi, akakiweka kwenye meza katikati ya karatasi zetu.

Vipande sita, vyote urefu mmoja, vimepitana katikati, viwili viwili, kwa pande tatu. Hakuna msumari. Hakuna kole.

« Ba papa, mufungue, » akasema. Akavuta kiti, akaikala.

Trezorie wetu alivuta huku na kule mpaka jasho likamtoka. Delege wa izini alitaka kukipiga kwenye meza, tukamnyang'anya. Nusu saa ikapita. Aliyeshinda ni mama mmoja wa komite ya ba mama, ambaye alikuwa anangoja tu kufunga mlango. Yeye hakutumia nguvu. Aligusa kila kipande kwa kidole, kimoja kisha kingine, mpaka akasikia kimoja kinacheza kidogo. Akakisukuma. Kikatoka pole pole, na vile vitano vilivyobaki vikaanguka kwenye meza sawa kuni.

« Njo hii, » mama akasema. « Sasa nani atarudisha? »

Hakuna aliyejibu. Lakini kamarade hakuja kutuchezesha. Mfanya biashara mmoja wa Lubumbashi aliona kitu hicho, akakipenda, akamwambia: niletee mia mbili mbele ya mwisho wa mwezi wa saba, nitakulipa faranga 3 000 kwa kila kimoja. Karatasi ilikuwa imeisha kuandikwa, inabaki sahihi tu. « Ba delege, nitie sahihi ao nisitie? »

Sisi tunajua kusoma kontra ya kazi. Tunajua kuhesabu saa za usiku na primu za hatari. Lakini bei ya kitu sawa hiki hatukuijua. Njo tukamwomba juma mbili, tukauliza watu, tukasoma. Tuliyoyapata tunayaandika hapa, maana hatufikiri ni yeye peke yake mwenye mikono ya ufundi iliyokaa bure mu parseli.

Kivunja-kichwa

Kwa Kifaransa kitu hiki wanakiita kasitete, ndiyo kusema kivunja-kichwa. Sisi tutasema fumbo la mbao. Aina ziko mingi: za kufungua, za kupanga ndani ya kisanduku, za kamba na pete, masanduku ya siri yasiyo na kifunguo. Hili la vipande sita ni la zamani. Mwaka 1801 mwuza michezo mmoja wa Nuremberg, Ujerumani, jina lake Georg Hieronimus Bestelmeier, alikuwa anachapisha mafumbo ya namna hii katika katalogi yake. Wajerumani wanaliita fundo la shetani. Kwa hiyo si mali ya mtu mmoja. Kamarade wetu, aliyeliona siku moja juu ya meza ya ingenieri na kulipima kwa macho wakati wa pozi, hakuiba.

Siri iko katikati, kwenye mikato. Kila kipande kimekatwa kwa namna yake, na mara nyingi kimoja hakikukatwa hata kidogo: njo kifunguo, kinaingia cha mwisho na kutoka cha kwanza. Mmarekani mmoja, Bill Cutler, aliwekea kompyuta kazi ya kuhesabu. Mwaka 1978 alitangaza kwamba mafumbo ya vipande sita yasiyo na tundu ndani yako 119 979. Kisha akaingia katika yale yenye matundu, na mwaka 1990 akamaliza: mipango 35 657 131 235. Si yote inayofunguka. Lakini zile zenye matundu zinazofunguka njo zinatesa watu kweli, juu lazima usogeze kipande hiki kidogo, kisha kile, kisha urudishe cha kwanza, mbele ya kimoja kukubali kutoka.

Bwazeri anasikia jambo hili haraka kuliko mwalimu wa hesabu. Mwaka 1860, mu mine za feza za Comstock, kule Nevada, Marekani, ingenieri Philip Deidesheimer alitunga namna ya kusimamisha miti mikubwa kwa viboksi-viboksi, vichwa vya miti vikikatwa ili vikamatane pande tatu. Mwamba ukilemea, mti mmoja unabana mwenzake. Tulipomwonyesha kamarade picha yake alicheka: « Ni kazi ileile, paka hapa mwamba hauko. »

Vipande vyake viko na sentimeta 2 kwa upana na 8 kwa urefu. Nusu milimeta inatosha kuharibu yote. Mkato ukibana sana, kipande hakiingii. Ukilegea, vyote vinacheza na mtu anaona kifunguo bila kutafuta. Yeye anafanya kwa musumeno wa mkono, patasi moja na ubao wa kuongozea alioutengeneza mwenyewe, ili mikato yote itoke sawa. Tuliweka rula juu. Hatukuona kosa.

Wanaonunua ni nani

Kuna watu wanakusanya mafumbo haya sawa vile wengine wanakusanya timbri. Ajulikanaye zaidi ni Jerry Slocum, Mmarekani aliyekuwa ingenieri wa vyombo vya anga. Mwaka 1978 aliita marafiki wachache nyumbani kwake Beverly Hills, kila mmoja alete mafumbo yake. Mkutano ule haukukufa. Unafanyika kila mwaka, kwa zamu Asia, Ulaya na Amerika, na huingii bila kualikwa. Wanabadilishana mafumbo, na kuna siku ya meza za kuuza. Mwaka 2006 Slocum alianza kutoa mali yake kwa maktaba ya Lilly ya Chuo Kikuu cha Indiana: mafumbo zaidi ya 30 000. Mwanafunzi anaweza kuingia na kuyagusa.

Wakusanyaji wengine wanafuata ya zamani peke yake. Mwaka 1893 Mwingereza aliyejiita Profesa Hoffmann aliandika kitabu kinachoeleza mafumbo yaliyouzwa wakati ule, na mpaka leo kuna watu wanatafuta kila moja lililo katika kurasa zile, sawa mtu anayetafuta ndugu waliopotea vitani. Wakilipata, wanaangalia: vipande vyote ni vya asili ao kimoja kilibadilishwa? Kisanduku chake kiko? Karatasi ya jibu iko? Mtu aliyepaka verni mpya ili kingae, ameshusha bei kwa mkono wake mwenyewe. Hapa mafundi wetu waangalie, sababu kwetu kitu cha zamani tunakipenda kikiwa kinang'aa.

Wengine wananunua ya mafundi walio hai. Stewart Coffin wa Massachusetts, Marekani, aliingia katika kazi hii mwanzo wa miaka ya 1970. Alitunga mafumbo zaidi ya 200, akiyapa namba, akiyatengeneza nyumbani na kuyauza mwenyewe kwenye maonyesho ya ufundi. Mwaka 1990 kitabu chake kilitoka Oxford, na mafundi wengi wa leo wamejifunza humo. Fumbo moja lililotoka kwenye mkono wa Coffin mwenyewe na lile lile lililotengenezwa na mtu mwingine havina bei moja.

Na hapa njo tulikwama kidogo. Mafumbo ya vipande sita yanatoka pia mu viwanda, kwa maelfu, na duniani unayapata kwa dola chache. Umbo ni lile lile! Basi yule anayelipa dola mia kwa la fundi analipia nini? Tuliuliza hivyo mara mingi. Jibu tulilolipata ni kwamba analipia mkato usioona mwanga, mbao iliyochaguliwa, wazo ambalo hakulijua, na jina la mtu. Ukitosha jina, umerudi kwenye dola chache.

Mlima wa Hakone

Mfano wa kwanza uliotufungua macho uko Japani. Hakone ni mahali pa mlima, kwenye barabara ya zamani kati ya Edo, njo Tokyo ya leo, na Kyoto. Wasafiri walipita pale kwa miguu, wakipumzika, wakinunua kitu cha kupelekea watu wa nyumbani. Msitu wa pale uko na miti ya rangi mingi. Mu kijiji cha Hatajuku, fundi Ishikawa Nihei, aliyefariki katikati ya karne ya 19, alianza kuunganisha vijiti vya miti ya rangi mbalimbali mpaka vinatoa nakshi. Kazi ile wanaiita yosegi. Hakuna rangi ya kupaka: cheupe ni mti mweupe, cheusi ni mti mweusi. Wanabandika vijiti kuwa gogo moja, halafu wanapitisha randa juu na kutoa karatasi nyembamba ya mbao, wanaibandika kwenye sanduku.

Sanduku lenyewe njo fumbo. Halina kifunguo wala tundu. Unasogeza ubao wa pembeni milimeta chache, unasogeza mwingine, unarudi kwa wa kwanza, mpaka kifuniko kinakubali. Liko la hatua 4, liko la 10, la 21, na mengine yanapita 70. Ukubwa wanaupima kwa sun, kipimo chao cha zamani cha sentimeta 3 na kidogo. Watu walikuwa wanaficha ndani yake pesa na barua.

Sasa sikilizeni jambo la kuuza. Mwaka 1999 mafundi wa Hakone, fundi Akio Kamei akiwa kati ya waliotangulia, waliunda kundi la masanduku ya siri, linaitwa kwa jina la karakuri. Kila fundi anatunga lake na kutia alama yake. Wanunuzi wanaweza kuwa wanachama: mtu anachagua fundi anayempenda, analipa mbele, na wakati wa Noeli anapokea sanduku ambalo hajaliona hata kwa picha. Hajui litakuwa na umbo gani. Analipa juu ya kuamini mkono wa mtu! Tulisoma mara mbili ili tuhakikishe. Masanduku ya kundi lile yanauzwa kwa mamia ya dola, na yale ya zamani yasiyopatikana tena yanapita elfu kwenye mnada.

Trezorie wetu alisema: « Kumbe mteja anaweza kutoa avansi bila kugombana. »

Wachimba-mine wa Seiffen

Mfano wa pili ni wa wenzetu kabisa, na huu hatukuupenda kuusoma, lakini lazima usemwe.

Kusini ya Saksonia, Ujerumani, karibu na mpaka wa Cheki, kuna milima inayoitwa Erzgebirge, ndiyo kusema milima ya madini. Watu wa pale walichimba feza na bati kwa mamia ya miaka. Tangu 2019 mahali pale ni urithi wa dunia wa UNESCO. Kijiji cha Seiffen kilikuwa cha bati. Bati ilipopunguka, watu waliingia katika mbao. Hawakuingia juu ya kupenda michezo. Waliingia juu ya njaa. Maji yaliyokuwa yanazungusha mashini za kuponda mawe wakayafungia mashini za kuzungusha mbao. Katikati ya karne ya 19 mine ya Seiffen ilikufa, na mbao ikabaki peke yake.

Walikuwa na akili, hatuwezi kuwanyima. Walivumbua namna ya kuzungusha pete kubwa ya mbao na kuichonga kwa patasi bila kuona umbo, halafu wanaikata sawa mkate, na kila kipande kinatoka farasi ao ng'ombe. Wachimba-mine wa nchi zile walijulikana pia kwa vitu vinavyokaribia fumbo: katika migodi ya Slovakia ya leo, upande wa Banská Štiavnica, toka karne ya 18 walijenga mine nzima ndani ya chupa, yenye gorofa, ngazi, watu wadogo wanaopiga mwamba chini na wanaovuta kamba juu. Kila kipande kilipita kwenye shingo ya chupa, kimoja kimoja, kwa waya na uvumilivu. Wajerumani wanaziita chupa za uvumilivu. Wakusanyaji wa mafumbo wanaziweka katika kundi la vitu visivyowezekana, maana unakiangalia na kujiuliza: kiliingia wapi?

Na kulikuwa na mine za mgongoni. Mchimbaji aliyeumia, ao aliyekosa kazi, alitengeneza sanduku lenye mine ndogo ya mbao ndani, yenye watu wanaotembea ukizungusha mkono wa chuma. Alilibeba mgongoni, akatembea toka soko mpaka soko, akifungua sanduku mbele ya watu, akizungusha, akingoja sarafu. Leo yako mu mizee, watalii wanayapiga picha. Sisi tulipoona picha ile hatukuona mchezo. Tuliona mtu asiye na pansio.

Turudi Seiffen. Michezo yao ilipelekwa mpaka Amerika. Lakini hawakuuza wao. Walikuwepo wafanya biashara wa kati, waliochukua kwa dazeni na kwa sitini-sitini, wakipanga bei wao. Fundi hakuweka jina. Bei ikishuka, fundi aliongeza hesabu. Ili aongeze hesabu, alikalisha mke na watoto mezani, wapake rangi, wabandike miguu ya farasi, mpaka usiku. Na nchi za nje zilipotoza duwani kwa uzito, mwanzo wa karne ya 20, walishusha vitu vyao mpaka vikaingia katika kisanduku cha kiberiti. Watu wanasifu vitu vile kwa uzuri wao. Ni vizuri, kweli. Mwaka 1919 njo mafundi waliunda kooperative yao ya kuuza, Dregeno. Iliwachukua miaka mingi sana kufika pale.

Hesabu kwenye ubao

Kamarade aliporudi tulichukua shoku, tukaandika kwenye ubao wa ofisi.

« Moja linakuchukua saa ngapi? »

« Likiwa muzuri, saa ine. Toka musumeno mpaka mafuta. »

Mia mbili mara nne ni saa 800. Faranga 3 000 mara mia mbili ni 600 000. Gawanya: faranga 750 kwa saa, na hatujatosha bado pesa ya mbao, ya meno ya musumeno, ya karatasi ya kusugulia, ya transpore mpaka Lubumbashi. Halafu saa 800 ni siku 100 za saa nane. Mpaka mwisho wa mwezi wa saba hata siku sitini za kazi hazikufika.

Tulimuuliza atafanya namna gani.

« Bana watasugua kisha masomo, » alisema. « Na mama yao anapiga mafuta. »

Hatukumjibu palepale. Mama wa komite njo alisema: « Papa, ile njo Seiffen. »

Tulisoma pia karatasi ya mfanya biashara. Hakuna avansi. Kipande chenye kosa hakilipwi, na mwenye kuamua kosa ni yeye. Jina la fundi halimo, na ilikatazwa kuuza kwa mtu mwingine kwa miaka miwili. Bwana yule si mwizi. Anafanya biashara sawa vile anaijua. Lakini karatasi ile ilikuwa inanunua mkono wa mtu kwa bei ya mfuko wa makala.

Mambo ya mbao, kwa wale wanaotaka kujaribu

Tunapitia haraka, kisha kila mtu aulize seremala wa mtaa wake.

Wengi wanaokota paleti. Angalieni muhuri uliochomwa pembeni. Herufi HT ni kusema mbao ilipashwa moto ili wadudu wafe, hiyo ni sawa. Herufi MB ni kusema ilivukizwa kwa gazi ya sumu, bromidi ya metili: achana nayo. Paleti isiyo na muhuri, ao iliyobeba asidi na dawa za izini, isiingie nyumbani hata kama kuni. Fumbo linashikwa na watoto, na watoto wanatia kila kitu kinywani. Kamarade wetu alianza na paleti, na tulimwomba aache.

Mbao mbichi ni adui. Huku kwetu, fumbo lililokatwa mwezi wa nane, wakati wa ukavu, linavimba mvua ikianza na kukataa kufunguka mwezi wa kwanza. Ukilituma Ulaya, ndani ya nyumba zenye moto wakati wa baridi, linasinyaa na kulegea. Panga mbao chini ya paa, mbali na udongo, weka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, ngoja miezi. Mafuta mepesi yanatosha. Verni nzito inaongeza unene, na wewe umehesabu kwa nusu milimeta.

Mukula ni mzuri, mwekundu, mzito, na kila mtu atapenda kuutumia. Lakini tangu 2019 mti ule uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa dunia juu ya biashara ya viumbe vinavyopotea, na mu mkutano wa 2022 ndugu zake wengine wa Afrika, pamoja na mulombwa, wakaongezwa. Magogo na mbao zake hazivuki mpaka bila kibali. Tunajua malori yanayopita usiku. Sisi hatuzungumzi juu ya malori hapa. Tunasema tu fundi mdogo asijiingize katika matata ya wakubwa. Miti mingine iko.

Fumbo la zamani, sawa hili la vipande sita, tengeneza bila hofu. Lakini fumbo la fundi aliye hai usiliige na kuliuza bila kumuomba. Wakusanyaji wanajuana, mkutano wao ni mmoja, na jina likiharibika mara moja hakuna atakayelipa avansi. Na jina lako mwenyewe lichome ndani, kwenye mkato, mahali panapoonekana paka likifunguliwa: jina, mwaka, namba. Karatasi ya jibu iandikwe Kiswahili na Kifaransa, na iwe imefungwa, ili mtu asiione mbele ya kuteseka kidogo.

Wanunuzi wa kwanza hawako Japani. Wako mu hoteli za Lubumbashi na Kolwezi, kati ya maingenieri wa kigeni wanaorudi kwao kila miezi miwili bila kitu cha kupelekea watoto isipokuwa malakiti ileile. Wako mu mashule pia, maana mwalimu wa hesabu anaweza kufundisha saa nzima na vipande sita.

Tusidanganyane. Sisi hatusemi mtu aache kutafuta kazi ajifungie kuchonga. Mafumbo ishirini kwa mwezi hayalipi nyumba na minervali ya watoto wanne. Tulimwambia hivyo wazi, na alikuwa anajua.

Siku ya kujibu tulimsindikiza, watu watatu. Tuliomba mafumbo ishirini badala ya mia mbili, faranga 12 000 kila moja, nusu mbele, jina la fundi ndani, na asikatazwe kuuza mahali pengine. Mfanya biashara alicheka, akasema kwa bei ile atapata ya kiwanda, kumi kwa moja. Kamarade alimjibu kwa heshima: « Muzuri, patron. Uwalete, tuwaweke pamoja kwenye meza. » Hawakupatana siku ile. Njiani kurudi kamarade hakusema neno, maana mke wake alikuwa amehesabu juu ya pesa ile, na sisi njo tulimwambia asitie sahihi. Kesi ya mutuele yetu ilimkopesha minervali ya robo mwaka. Kama bei tuliyoomba ni mbaya, kosa litakuwa letu pia.

Kisha juma mbili yule bwana alituma ujumbe: anataka sita, kwa faranga 10 000, lakini nusu ya pesa atatoa akiziona. Kamarade alikata kumi. Nne alizitupa mwenyewe, zilikuwa zinacheza. Sita ziko tayari, namba 1 mpaka 6, na jina lake limechomwa ndani kwa msumari wa moto. Watoto hawakusugua hata moja. Mdogo alipewa paka zile nne zilizotupwa, na anazifungua haraka kuliko sisi.

Lile la kwanza bado liko ofisini. Toka mama alifungue, limekuwa vipande sita ndani ya bahasha, mu droo ya trezorie. Mwanachama anayekuja kulipa kotizasio anaruhusiwa kujaribu. Mpaka tunapoandika haya, hakuna aliyelirudisha.